Sauti ya Msimulizi na Jicho la Kamera: Kuhamishwa kwa The Witches ya Roald Dahl katika Filamu

Ikisiri

Lalamiko la kawaida dhidi ya filamu zinazotokana na vitabu vya watoto ni kwamba zimebadili matukio ya hadithi. Makala haya yanadai kwamba lalamiko hilo haligusi kiini cha tatizo. Kwa kuchanganua riwaya ya The Witches (yaani 'Wachawi') ya Roald Dahl, iliyotoka mwaka 1983, pamoja na filamu zake mbili, ya 1990 na ya 2020, tunajaribu kuonyesha kwamba kinachopotea ni sauti ya msimulizi, na kwamba sauti hiyo ndiyo iliyoifanya hadithi ya kutisha imfae mtoto.

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyesomewa kitabu akakipenda, kisha akaonyeshwa filamu yake, mara nyingi hutoka na neno moja: sivyo ilivyokuwa. Watu wazima hulichukulia neno hilo kuwa linahusu matukio, nao huanza kuhesabu: sura fulani imeachwa, mhusika fulani ameongezwa, mwisho umegeuzwa. Waandishi wenyewe wamewahi kulalamika hivyo. P. L. Travers, aliyemwumba Mary Poppins mwaka 1934, hakuficha kutoridhika kwake na filamu iliyotolewa na Walt Disney mwaka 1964. Dahl naye hakuipenda filamu ya 1971 iliyotokana na Charlie and the Chocolate Factory, ingawa jina lake limo humo kama mwandishi wa mswada.

Hata hivyo, uaminifu kwa matukio hautoshi kulieleza jambo hili. Kama ungetosha, filamu ya pili ya The Witches, ambayo ilirudisha mwisho wa kitabu uliokuwa umeondolewa na filamu ya kwanza, ingewaridhisha waliokipenda kitabu. Haikuwa hivyo: wengi waliipokea kwa ubaridi, na wengine kwa uchungu. Hatuna budi, basi, kutafuta sababu nyingine. Sisi tunaitafuta katika lugha, hasa katika swali ambalo isimu ya matini imelizoea: ni nani anayesema, na anamwambia nani?

2.0 Kiunzi cha Uchanganuzi

Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1959, Roman Jakobson alizigawa tafsiri katika aina tatu: ile inayofanyika ndani ya lugha moja, ile inayofanyika baina ya lugha mbili, na ile inayovuka kutoka ishara za lugha hadi mfumo mwingine wa ishara. Uhamishaji wa riwaya katika filamu umo katika aina ya tatu, na tofauti yake na aina ya pili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1940 E. V. St Lo Conan-Davies alichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Lewis Carroll. Tafsiri hiyo ilibadilisha jina la mhusika na lugha nzima ya hadithi. Lakini yule anayesimulia, asiyeonekana na aliye daima pembeni mwa mtoto, alibaki mahali pake. Msomaji wa Kiswahili bado anaambiwa na mtu. Kamera, kwa upande wake, haina haja ya kumwambia mtu chochote, kwani yenyewe huonyesha. Neno ni ishara ya makubaliano na humwachia msikilizaji sehemu ya kazi. Picha ni ishara ya mfanano, na kazi hiyo huimaliza yenyewe.

Wataalamu wa fasihi simulizi yetu hawatashangazwa na hoja hii. Ngano za mazimwi zimejaa mambo ambayo, yakitolewa kama taarifa tupu, hayafai kusikiwa na mtoto: watoto humezwa, mama hudanganywa, matumbo hupasuliwa. Hata hivyo zimetambiwa watoto kwa karne nyingi. Fanani husema 'Paukwa', na hadhira huitika 'Pakawa'. Kwa kiitikio hicho mtoto ametoa idhini na amejua kwamba anaingia katika hadithi. Bibi hunguruma kwa sauti ya zimwi, kisha hurudi katika sauti yake mwenyewe, na mtoto husikia kwamba zimwi limo ndani ya bibi wala bibi hayumo ndani ya zimwi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa watoto tunaweza kuongeza kwamba zimwi hujulikana kwa njia ya sauti ya mtu anayeaminika.

3.0 Sauti katika Kitabu

Riwaya ya Dahl inasimuliwa na mvulana asiyetajwa jina, katika nafsi ya kwanza na wakati uliopita. Wazazi wake wanakufa katika ajali ya gari huko Norwei, naye analelewa na bibi yake, mzee anayevuta biri na kumfundisha namna ya kuwatambua wachawi. Baadaye, katika hoteli moja mjini Bournemouth, mvulana huyo anajikuta katika mkutano wa wachawi wa Uingereza, ananyweshwa dawa kwa nguvu na kugeuzwa panya. Mambo matatu ya kimtindo yanastahili kuangaliwa.

Kwanza ni uchaguzi wa nafsi na njeo. Anayesema 'mimi nilikuwa' amenusurika, la sivyo asingekuwapo kusimulia. Kila tishio linamfikia mtoto likiwa limetanguliwa na dhamana hiyo ya kisarufi. Sauti haibadiliki hata mvulana anapogeuka panya: mwili umekuwa mwingine, lakini 'mimi' ni yuleyule.

Pili ni kunyamaza. Kifo cha wazazi kinatajwa kwa sentensi chache, na msimulizi anakataa waziwazi kueleza undani wake. Kukataa huko ni tendo la lugha. Mtoto anaambiwa kwamba jambo zito limetokea, na papo hapo anaambiwa kwamba halazimiki kulitazama.

Tatu ni lafudhi. Mchawi Mkuu huzungumza kwa matamshi ya kigeni, ambayo Dahl ameyaandika kwa kupotosha tahajia. Anayesoma kwa sauti hulazimika kuigiza, na mtoto anayesomewa humwona baba au mama yake akigeuka kichekesho. Hofu na kicheko vinatoka katika kinywa kimoja.

Huenda ikasemwa kwamba kitabu nacho kina picha. Ni kweli, lakini michoro ya Quentin Blake ni ya mistari myepesi, inayodokeza bila kukamilisha. Michoro hiyo inafuata tabia ya neno kuliko tabia ya kamera.

Hatusemi kwamba kitabu chenyewe hakina lawama. Kimeshutumiwa kwa namna kinavyowachora wanawake, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa mara nyingi katika maktaba za Marekani katika miaka ya 1990, na mwaka 2023 wachapishaji wake walitoa toleo lililorekebishwa maneno. Mjadala huo una uzito wake, lakini unahusu kile kinachosemwa, ilhali sisi tunashughulika na namna kinavyosemwa.

4.0 Filamu ya 1990

Filamu ya kwanza iliongozwa na Nicolas Roeg, na Anjelica Huston aliigiza kama Mchawi Mkuu. Ina sehemu moja ambayo, kwa maoni yetu, inakaribia ubora wa kitabu. Bibi anamsimulia mjukuu habari za msichana aliyetoweka na kuonekana ndani ya picha iliyotundikwa ukutani kwao, akazeeka humo mwaka baada ya mwaka, hata siku moja asionekane tena. Hapa picha za filamu zinafuata sauti ya bibi na kuitii. Tukio lenyewe ni la kuogofya kuliko mengi yanayofuata, lakini mtoto anayetazama ana mtu wa kumshika mkono.

Katika ukumbi wa hoteli hali inabadilika. Wachawi wanapovua nywele za bandia, na Mchawi Mkuu anapouvua uso wake, hakuna anayesimulia. Ustadi wa karakana ya Jim Henson umeachwa useme peke yake, na kwa kuwa ni ustadi mkubwa, mtoto anaachwa peke yake na sura ile.

Kisha unakuja mwisho. Katika kitabu mvulana habadiliki tena kuwa mtu. Anamwuliza bibi yake panya wa aina yake huishi miaka mingapi, na anajibiwa kwamba huenda akaishi miaka tisa hivi. Bibi ana miaka 86. Mvulana anafurahi, kwa sababu hataki kubaki akilelewa na mtu mwingine baada ya bibi kufa. Katika filamu anatokea mchawi mwema na kumrudishia umbo la binadamu. Inajulikana kwamba Dahl, aliyefariki Novemba mwaka huohuo, alichukizwa na badiliko hilo.

Tukiliangalia badiliko hili kwa hoja ya sauti, tunaona kinyume cha ajabu. Filamu iliyomwonyesha mtoto sura iliyooza bila kumsemesha ndiyo iliyoona kwamba hawezi kuvumilia mazungumzo ya upole juu ya kifo, baina ya watu wawili wanaopendana. Kitisho kisicho na sauti kimeachwa. Kile kilicholindwa na sauti kimeondolewa.

5.0 Filamu ya 2020

Robert Zemeckis aliihamishia hadithi Alabama, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mvulana anabaki panya, na yupo hata msimulizi, kwa sauti ya Chris Rock. Kwa kipimo cha matukio, filamu hii imerudi karibu zaidi na kitabu. Kwa nini basi inavunja moyo?

Jibu la kwanza limo katika ajali. Kile ambacho msimulizi wa Dahl alikataa kukieleza, kamera inakionyesha: theluji, gari lililopinduka, mtoto ndani yake. Sauti ipo, lakini imepoteza uwezo wa kunyamaza, kwa sababu picha haimsubiri msimulizi. Sauti ya namna hii ni pambo lililowekwa juu ya hadithi ambayo tayari imejisimulia.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika kitabu wachawi wana kucha za paka, ambazo huzificha ndani ya glovu. Filamu iliwapa mikono yenye vidole pungufu, iliyofanana na mikono ya watu wanaozaliwa na upungufu huo. Watu wenye ulemavu walilalamika, miongoni mwao mwogeleaji wa Paralimpiki wa Uingereza, Amy Marren. Mnamo Novemba 2020 kampuni ya Warner Bros. iliomba radhi, na mwigizaji Anne Hathaway naye akafanya vivyo hivyo. Neno 'kucha' lilimwachia kila mtoto abuni mkono ambao haupo duniani. Picha ililazimika kuchagua mkono mmoja, na mkono uliochaguliwa ulikuwa na wenyewe. Mtoto mwenye mkono kama huo, aliyeketi mbele ya filamu pamoja na wenzake, alionyeshwa mwili wake kama alama ya uovu.

6.0 Suala la Kufaa kwa Watoto

Nchini Marekani filamu zote mbili zilipewa daraja la PG, yaani daraja linalomshauri mzazi atoe mwongozo. Vipimo vya madaraja ya namna hii huhesabu vinavyoonekana na kusikika: damu, matusi, vitisho. Kwa vipimo hivyo filamu hizi mbili ni sawa, na mkono wa vidole pungufu hauongezi chochote katika hesabu. Lakini ushauri wenyewe unakiri jambo ambalo vipimo havilitaji: pale kamera ilipomwondoa msimulizi, mzazi anaombwa arudi kuijaza nafasi yake.

Afrika Mashariki ina tajiriba ya jambo hili. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, wasimulizi kama Lufufu walipata umaarufu kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wenzao wa Uganda hujulikana kama VJ. Huvihariri vitendo kwa maneno: huonya, hutania, huwapa wahusika majina na hujibishana na watazamaji. Hatudai kwamba vibanda hivyo vilikuwa mahali pa watoto. Tunachodai ni kwamba vinathibitisha uwezekano wa fanani kurejea juu ya picha, mradi azungumze na hadhira aliyonayo. Sauti ya filamu ya 2020 haina hadhira ya kuitika. Imerekodiwa mara moja kwa wote.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtoto anayesema 'sivyo ilivyokuwa' anaweza kuwa sahihi hata pale matukio yote yalipohifadhiwa. Anayemkosa ni yule aliyekuwa akimsimulia. Kutokana na hayo tunapendekeza maswali matatu kwa mhakiki wa filamu za watoto: nani anasimulia tukio la kutisha, msimulizi huyo ana uwezo wa kunyamaza au la, na je, picha iliyochaguliwa badala ya neno ina mtu halisi itakayemjeruhi? Utafiti wa kuwasikiliza watoto wenyewe, wanaozungumza Kiswahili, wakilinganisha ngano waliyotambiwa na filamu waliyoitazama, ungefaa kuzipima hoja hizi. Kwa sasa, mzazi au mwalimu anayewaonyesha watoto filamu ya namna hii asitoke chumbani. Akae, aseme, na awaache waitike.