Fremu ya Kutembelea na Vifaa Vyake

Kiharusi si ugonjwa wa mbali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 waganga waliwahesabu waliopatwa nacho katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, na katika mitaa ya Dar es Salaam. Katika kila watu 100,000, kwa mwaka mmoja, waliona wapatao 95 huko Hai na 108 huko Dar es Salaam. Wengi wa wanaopona hubaki na udhaifu wa upande mmoja, na baadhi yao hupewa fremu ya kutembelea, ile ya mabomba mepesi yenye miguu 4.

Fremu hiyo ni msaada mkubwa, lakini hushughulisha mikono yote miwili. Mama aliyezoea kujipelekea kikombe mezani sasa hana mkono wa kukichukulia. Akijaribu kushika kikombe kwa mkono mmoja na fremu kwa wa pili, yu karibu kuanguka. Akiacha kujaribu, akaa kitini mchana kutwa akiomba hata maji ya kunywa. Ndiyo maana watu hufunga mfuko au sinia juu ya fremu. Basi, na tujifunze kuvichagua vitu hivyo. Kanuni yake ni hii: kila kinachoongezwa kimrudishie mgonjwa kazi fulani, wala kisiitikise fremu.

Kwanza, tutazame mikono. Ikiwa mkono mmoja umelegea kabisa, mfuko na sinia havitafaa kitu bado. Huenda akahitaji kibao cha kulazia kigasha, kifungwacho upande ule wa fremu, au aiache fremu atumie mkongojo wa miguu 4, ushikwao kwa mkono mzima. Ikiwa mkono washika, ila kwa udhaifu, kishikio kivikwe sponji kiwe kinene, maana kinene hukamatika kuliko chembamba. Mgonjwa akisimama na kuilegeza mikono yake, vishikio viwe sawasawa na vifundo vya mikono. Mambo haya yafaa kuamuliwa pamoja na mjuzi wa fiziotherapia, kama wale walioko hospitali ya KCMC huko Moshi.

Pili, miguu ya fremu. Kila mguu usio na gurudumu uvikwe mpira. Na mpira uliolika hata ukawa laini ubadilishwe upesi, kwani huteleza juu ya saruji yenye maji. Asiyeweza kuinua fremu kila hatua hufaidiwa na magurudumu 2 ya mbele. Lakini magurudumu madogo huzama katika mchanga na matope. Kwa hiyo tuupime kwanza uwanja wa nyumba, si sakafu ya duka.

Tatu, mfuko. Fundi cherehani aweza kuushona: uwe bapa, ufungwe imara kwenye bomba la mbele, wala kamba zake zisiburute chini. Utiwe vitu vyepesi tu, kama miwani, simu na leso. Kikapu kizito mbele huipindua fremu, na mzigo wa upande mmoja huivuta upande huo. Tena wako wagonjwa wasioutambua upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, ingawa macho yao ni mazima. Vitu vyao viwekwe upande wanaoutambua, na kishikio cha upande wa pili kifungwe kitambaa chenye rangi kali, wapate kukikumbuka.

Nne, sinia. Iwe na kingo zilizoinuka, ikae imara, wala isifunike vishikio. Chai ichukuliwe katika chombo chenye kifuniko kilichokazwa, nayo isiwe ya kuchemka. Mgonjwa atakapo kuketi au kuinuka, sinia iondolewe kwanza ikiwa yamzuia. Na ainukapo asukume kiti kwa mkono, asiivute fremu, maana itamwangukia.

Kabla ya kununua lolote, tumwulize mwenyewe habari za siku yake, toka alfajiri hata usiku: aenda wapi, na achukua nini? Kisha tununue kile kimoja kinachohitajiwa zaidi. Kijaribiwe kitupu, halafu na mzigo mdogo, msaidizi akisimama upande ulio dhaifu, nyuma kidogo. Fremu ikiinama, mzigo upunguzwe.

Nasi tulio wazima tujizuie kumtwalia kila kitu. Akiweza kujipelekea maji mezani, tumwache ayapeleke, hata akikawia njiani.