Uzito Uliorudi: Maneno kwa Watu wa Nyumba Moja

Mtu aliyejipunguza mwili kwa juhudi ya miezi mingi, akavaa tena nguo zilizokuwa zimemkataa, kisha baada ya mwaka au miaka miwili akaziona zikimbana kama zamani, aghalabu huingiwa na tahayari kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza. Hujihesabu kuwa hana azma, huacha kwenda zahanati asije akapandishwa mizani, na huyakimbia macho ya wale waliomsifu. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake, lakini zaidi kimeandikwa kwa wale wanaokula naye sinia moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwao.

Ifahamike kwanza ya kwamba kurudi kwa uzito si ajabu wala si dhambi. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 huko New York, ambayo huupa ubongo habari ya akiba iliyopo; akiba ikipungua, habari nayo hupungua, na ubongo huamini kwamba njaa imeingia nchini. Papo hapo homoni nyingine itokayo tumboni, grelini, huzidi kumchochea mtu ale, na mwili wenyewe huanza kubana matumizi yake ya nishati. Matabibu wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kuwa watu waliopunguzwa kwa chakula haba mno kwa muda wa wiki 10 walikuwa, hata baada ya mwaka mzima kupita, bado wanadaiwa chakula na homoni zao. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1944 na 1945, wanaume 36 walijitolea katika jimbo la Minnesota, Marekani, kuishi miezi sita katika nusu ya njaa ili wachunguzwe. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walikula bila kuona shibe, na mafuta yakatangulia kurudi mwilini mwao mbele ya misuli.

Maadamu hali ni hiyo, kujiadhibu hakufai. Yuko anayesema, nitashinda na maji siku tatu. Yuko anayekunywa sanamaki kila usiku, au chai ya kupunguza tumbo inayouzwa kwa majina ya kupendeza, ambayo mara nyingi ni sanamaki hiyo hiyo. Sanamaki huharisha: mizani ikishuka, yaliyoshuka ni maji na uchafu wa tumbo, si mafuta, na mwenye kuidumisha hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hayo. Hukumu yetu juu ya njia hizo ni fupi: ziachwe.

Aanze kwa kujipima, bila ghadhabu, kama anayetaka kujua bei ya kitu. Apime uzito, kisha apitishe utepe wa fundi cherehani katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno cha mwanamke kikifika sentimita 80, na cha mwanamume sentimita 94, maradhi ya sukari na ya moyo huanza kumsogelea. Wala asijiwekee nadhiri ya kurudia mwili wa siku ya arusi yake. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliambiwa wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na watembee dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kuugua ikapungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo tano na nusu hivi.

Sasa twende jikoni, maana huko ndiko jambo hili liliko. Mafuta ya kupikia yamiminwapo sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye dumu, hakuna ajuaye kiasi chake. Na kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, ambazo huhitaji karibu nusu saa ya mwendo wa haraka kuziondoa. Itazame chapati: mafuta huingia katika unga, hupakwa tena wakati wa kukunja, kisha humiminwa juu yake ikiwa kwenye chuma. Hatusemi chapati ziharamishwe, kwani kilichoharamishwa nyumbani huliwa barabarani; tunasema mpishi ashike kijiko, apime, na chapati zipikwe siku moja au mbili za juma, si kila jioni. Mbaazi za asubuhi ni chakula bora. Zipikwe kwa tui jepesi, na hamri liwe moja badala ya matatu. Samaki achomwe badala ya kuzamishwa katika mafuta. Mchicha, matembele na kisamvu, ambavyo katika nyumba nyingi huwekwa kando ya sinia kama pambo, viongezwe hata vilingane na wali.

Sukari nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani hutaka sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu wa makamo, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha fika tisa, na chupa moja ya soda baridi humvusha mpaka. Apunguze nusu kijiko kwa kila juma, ulimi huzoea.

Yako pia majira ya kutahadhari nayo, kama siku za arusi, vunja jungu, na hata Ramadhani yenyewe, ambapo mfungaji huweza kutoka mwezini na uzito zaidi ya alioingia nao, kwa kuwa sambusa, kaimati, bajia na tambi za sukari hupangwa zote katika futari moja. Itoshe aina moja ya vya kukaanga kwa usiku mmoja.

Ulimi wa jamaa ni mzito kuliko hayo yote. Katika pwani yetu unene ulihesabiwa kuwa dalili ya raha, na tangu maradhi ya Ukimwi yaingie, mtu akipungua kidogo huulizwa ana nini. Mama mkwe atasema, «Mwanangu, mbona hujala? Au pishi langu halikukupendeza?» Ajibiwe kwa taadhima, «Limenipendeza, mama, nimeshiba; nifungie kidogo nikale kesho.» Nanyi jamaa msimchekee aliyenenepa tena, wala msimlazimishe tonge la mwisho, afadhali mmoja wenu afuatane naye baada ya alasiri, nusu saa, siku tano kwa juma, kwa mwendo unaomruhusu kusema lakini si kuimba.

Ama aliye mja mzito, anyonyeshaye, au atumiaye vidonge vya kisukari au sindano ya insulini, hayo tuliyoyasema yasimpeleke mbio. Akipunguza chakula ilhali dawa ni ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka ghafula, akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazimia. Huyo na aende kwa daktari kwanza, dawa zake zitazamwe, ndipo aguse sahani yake.