Daftari la Maombi ya Faili: Mbinu kwa Mwenye BBS

Faili la ombi huingia kimyakimya. Nodi ya mbali inaunganishwa na yako, inakabidhi barua zake, na kati ya barua hizo kuna kifaili chenye mistari miwili mitatu, jina lake likiishia na .REQ. Kama hujaandaa programu ya kukishughulikia, kitalala kwenye folda ya vilivyopokelewa. Mwombaji atafunga kikao mikono mitupu na kuamini kwamba kwako hakuna kitu, nawe hutajua kwamba kuna mtu alibisha hodi.

BBS, yaani bodi ya matangazo ya kompyuta, ilianzia Chicago mwaka 1978 kwa CBBS ya Ward Christensen na Randy Suess. Kuombana mafaili kati ya bodi na bodi kulishika kasi kwenye FidoNet, mtandao alioubuni Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Raha yake ni kwamba hakuhitajiki mtu wa kuingia, kuvinjari menyu na kuchagua faili: programu inauliza, programu inajibu, watu wamelala. Enzi za modemu hilo lilikuwa suala la pesa, kwa kuwa kila dakika ya laini ya simu ilikuwa na bei yake. Ndiyo maana hata Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1990, teknolojia ya Fido iliingia vyuoni na kwenye mashirika kabla ya intaneti. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na vingine vya kusini kwa njia hiyo, na GreenNet ya London ikawa lango la kutokea. Kwenye ramani ya FidoNet, Afrika ilikuwa zoni ya 5.

Siku hizi wanaoendesha bodi hizi hufanya hivyo kwa mapenzi tu, na vikao vingi hupita intaneti kwa itifaki ya binkp, poti 24554. Maelezo haya ni ya mwenye nodi anayetumia Linux na programu ya binkd. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha na kubaki.

Wengi huanza kwa kutafuta programu yenye mbwembwe za kutafuta mafaili, kisha suala la kumbukumbu likaachwa mwisho. Ushauri wangu ni kuligeuza. Anza na daftari. Mafaili uliyo nayo unayajua tayari. Usichokijua ni kile ambacho watu wamekuja kukitafuta wakakikosa.

Kwanza elewa ombi lenyewe. Kwa WaZOO, utaratibu wa kuombana mafaili tutakaoutumia hapa, jina la faili la ombi hutokana na anwani ya nodi inayoombwa: namba ya neti na namba ya nodi, kila moja ikiandikwa kwa tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita. Tuseme nodi yako ni 99:100/5 kwenye mtandao wa majaribio. Mia moja inakuwa 0064, tano inakuwa 0005, na faili litaitwa 00640005.REQ. Ndani yake kila mstari ni jina moja la faili. Jina likifuatwa na alama ya mshangao na neno, hilo ni nenosiri la faili hilo. Likifuatwa na alama ya kujumlisha na tarakimu nyingi, mwombaji anasema: nitumie iwapo lako ni jipya kuliko tarehe hii.

binkd yenyewe haijui kutafuta mafaili. Kazi hiyo inaipa programu ya nje kwa utaratibu uitwao SRIF. Inaandika karatasi ndogo ya maelezo, inaita programu yako, kisha inasoma orodha ya majibu ambayo programu hiyo imeandika. Kwenye faili la usanidi mstari ni huu:

exec "/bbs/bin/maombi *S" *.req *.REQ

Hiyo *S hugeuka kuwa njia ya karatasi ya maelezo, ambayo huonekana hivi:

Sysop Mwombaji
AKA 99:100/7
RequestList /bbs/in/00640005.req
ResponseList /bbs/tmp/jibu.rsp
RemoteStatus PROTECTED
SystemStatus LISTED

Kuna mistari mingine, lakini hii ndiyo utakayoitumia. Sysop na AKA ni jina na anwani ya aliyepiga, si zako. Anayesoma haraka huzichanganya. PROTECTED maana yake kikao kimefunguliwa kwa nenosiri mlilokubaliana, kwa hiyo anwani hiyo unaweza kuiamini. Ukiona UNPROTECTED, anwani ni dai tu, na daftari lako sharti lioneshe tofauti hiyo. Kwenye ResponseList programu inaandika njia kamili za mafaili ya kutuma, kila moja ikitanguliwa na alama. Jumlisha ni tuma, usifute. Sawasawa ni tuma, kisha futa likishafika. Kutoa ni futa kikao kikiisha, limefika au halikufika. Kwa mafaili ya hazina yako, jumlisha siku zote. Alama mbili hizo nyingine ziache kwa vijibarua vya muda.

Programu ya maombi unaweza kuipata tayari au kuiandika mwenyewe kwa Perl, Python au skripti ya kawaida. Ukiiandika, kumbuka kwamba wakati inahangaika mpigaji yuko upande wa pili anasubiri, na subira ya programu ina kikomo. Usikague diski nzima kila ombi linapoingia. Tengeneza faharasa mara moja kwa usiku, kupitia cron:

find /bbs/faili -type f -printf '%f\t%s\t%p\n' > /bbs/faharasa.mpya && mv /bbs/faharasa.mpya /bbs/faharasa

Hiyo mv ya mwisho si pambo. Bila hiyo, kikao kitakachoangukia katikati ya zoezi kitasoma faharasa nusu na kumwambia mtu kwamba faili halipo, kumbe lipo.

Kando ya faharasa weka orodha ya majina ya mkato. Orodha ya nodi za FidoNet, kwa mfano, hutolewa kila wiki na mkia wa jina lake hufuata siku ya mwaka, kwa hiyo jina la leo si la juma lijalo. Anayeitaka aandike NODELIST tu, na programu yako ichague toleo jipya zaidi kwenye folda hiyo. Jina FILES, kwa desturi, hurudisha orodha ya mafaili yako yote. Weka haya mawili hata kama huna mengine.

Sasa tuje kwenye mahali panapowapotezea watu usiku mzima. Faili la ombi limetoka kwenye ulimwengu wa DOS, na kila mstari huishia na herufi mbili zisizoonekana, si moja kama ilivyo kwenye Linux. Skripti isiyoondoa ile ya ziada itatafuta jina lenye mkia usioonekana, haitalipata, na itaandika kwamba faili halipo. Ukisoma daftari kwa macho jina liko sahihi kabisa; ukitazama folda, faili liko pale pale. Pitisha kila mstari kwenye tr -d '\r' kabla ya jambo lolote. Kisha geuza herufi zote ziwe kubwa, upande wa ombi na upande wa faharasa, maana DOS haikujali ukubwa wa herufi lakini Linux inajali.

Mstari huo pia umeandikwa na mtu usiyemjua. Ukishatenga nenosiri na tarehe kama vipo, tupa kwenye jina kila kitu isipokuwa herufi, tarakimu, nukta, kistari, kistari cha chini, na alama za * na ? kama umeziruhusu. Mkwaju usipite kabisa, wala nukta mbili mfululizo, la sivyo mtu ataomba faili la nenosiri la mashine yako na programu itampa kwa adabu zote. Usiunganishe jina hilo na amri ya mfumo bila kulifunga kwa alama za nukuu.

Daftari lenyewe liwe maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila jina lililoombwa, nguzo zikitenganishwa kwa tabo: wakati, anwani, jina kama lilivyoombwa baada ya kusafishwa, hali, kikao kama ni PROTECTED au UNPROTECTED, na njia ya faili kama limepatikana. Hifadhidata haihitajiki. Bodi yenye pilikapilika siku hizi haipati maombi ya kuishinda grep. Vikao viwili vikiweza kuingia kwa pamoja, tumia flock ili mistari isiingiliane. Na kabla ya kushughulikia faili la .REQ, linakili kwenye folda ya kumbukumbu jinsi lilivyo. Mtu akilalamika wiki mbili baadaye, utakuwa na alichokiandika hasa, siyo tafsiri ya skripti yako.

Kuhusu hali, maneno matatu yanatosha: LIMEPANGWA, HALIPO, LIMEZUIWA. Angalia sikuandika LIMETUMWA. Programu ya maombi haina uwezo wa kusema hivyo, maana kazi yake inaishia kwenye kupanga foleni. Laini ikikatika faili likiwa nusu, daftari lako litaendelea kudai kazi imekamilika. Anayejua ukweli ni binkd, ambayo kwenye kumbukumbu zake huandika mstari wa sent: wenye njia ya faili, ukubwa na anwani iliyopokea. Kwa hiyo kila asubuhi skripti ya pili ipitie mistari ya LIMEPANGWA na kutafuta mwenzake kwenye kumbukumbu za binkd kwa anwani na njia ya faili. Yasiyo na mwenzake yaandikwe pembeni. Faili lile lile likikwama kwa nodi mbalimbali, kuna hitilafu kwako: ruhusa za kulisoma labda, au limehamishwa baada ya faharasa kutengenezwa. Nodi ile ile ikikwama kwa mafaili mbalimbali, mwandikie mwenye nodi barua.

Kisha fungua sehemu yenye utamu, yaani HALIPO. Amri hii inakupa majina yaliyokosekana, yaliyotafutwa na nodi nyingi yakitangulia:

grep -w HALIPO maombi.log | cut -f2,3 | sort -u | cut -f2 | sort | uniq -c | sort -rn

Hapo sort -u ya mwanzo inahesabu kila nodi mara moja kwa kila jina. Bila hiyo, mashine moja iliyosanidiwa vibaya, inayoomba kitu kile kile kila usiku, itaonekana kama umati wa watu. Utakachokiona juu ya orodha mara nyingi si mafaili adimu. Ni majina ya matoleo ya zamani ya programu ambayo wewe unayo mapya, majina yaliyokosewa herufi moja, na majina ya mkato ambayo watu wamezoea kwenye bodi nyingine. Yote matatu yanatibiwa kwa kuongeza mstari kwenye orodha ya majina ya mkato, bila kutafuta faili hata moja. Yanayobaki baada ya hapo ndiyo mahitaji ya kweli.

Mwombaji aliyekosa naye asiachwe gizani. Programu itengeneze kijibarua cha maandishi chenye majina aliyoomba, hali ya kila moja, na, kwa kila lililokosekana, majina matatu yanayokaribiana nalo kutoka kwenye faharasa, kisha ikiweke kwenye orodha ya majibu kwa alama ya kutoa. Kipe jina lenye namba ya mchakato ndani yake, kisije kikaandikwa juu ya kijibarua cha kikao kingine.

Mipaka ni lazima, ila isiwe ya uchoyo: idadi ya mafaili kwa kikao, jumla ya baiti, na pengine folda fulani kwa vikao vya PROTECTED pekee. Mpaka ukimkumba mtu, hali iwe LIMEZUIWA, na kijibarua kimweleze sababu.

Kabla ya kuunganisha na binkd, jaribu programu peke yake. Andika kwa mkono karatasi ya SRIF na faili la .REQ lenye mistari minne: jina lililopo, jina lisilopo, NODELIST, na jambo la kihuni kama ../../etc/passwd. Mistari hiyo iishie kwa mtindo wa DOS, unix2dos itakufanyia. Endesha programu, kisha soma faili la majibu na daftari. Ukiridhika, ndipo uongeze ule mstari wa exec, na uombe rafiki mwenye nodi akupigie.

Likishafanya kazi, mweleze mratibu wa neti yako alama ya kuweka kwenye mstari wako wa orodha ya nodi. XW inasema unapokea maombi ya faili ya WaZOO tu. XX inaongeza yale ya kuuliza toleo jipya, yenye alama ya kujumlisha na tarehe. XA inaahidi pia utaratibu wa zamani wa Bark, ambao kwa usanidi huu huna, kwa hiyo usiiweke hata kama jirani yako ameiweka. Na kwa kuwa anwani ya nodi inaonesha jina la mwenyewe mbele ya yeyote mwenye orodha, daftari lako ni kumbukumbu ya nani alitaka nini: lifungie ruhusa za kusoma, liweke mbali na folda za mafaili ya kuombwa, na mistari iliyozidi miezi mitatu ifutiwe nguzo ya anwani, ibaki na majina ya mafaili tu.