Kutafuta Metali Zilizofukiwa: Somo kutoka Ufuko wa Ziwa Victoria

Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington, na madaktari wakashindwa kujua ilikolala mwilini. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alipeleka kitandani pa mgonjwa chombo chenye koili za waya na kisikilizio cha simu, akitumaini kwamba risasi ingejitaja kwa sauti. Chombo kilivuma mahali pasipotazamiwa, na springi za chuma za kitanda zilitajwa baadaye kuwa chanzo kimojawapo cha fadhaa hiyo. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Chombo cha namna hiyo, kilichorekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, leo hubebwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Geita, nao hukiita ditekta. Kwa mwanafunzi wa Mwanza chaweza kuwa uraibu mzuri na maabara ya kutembea nayo, ilimradi aelewe mambo mawili: jinsi kinavyofanya kazi, na kile kinachoweza kuharibiwa nacho.

Mwalimu anaweza kuanza somo bila ditekta yoyote. Achukue sumaku yenye nguvu, kwa mfano ile ya spika iliyoharibika, aifunge kwa uzi na kuiacha ibembee karibu sana na meza ya mbao. Itabembea kwa muda mrefu. Kisha aibembeze vivyo hivyo juu ya kitako cha sufuria nene ya alumini iliyofudikizwa. Sumaku hainati kwenye alumini. Hata hivyo bembea yake hufifia upesi, kana kwamba imeingia katika uji. Sababu ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: uga sumaku unaobadilika huamsha mkondo wa umeme katika kipitishi. Mikondo hiyo huzunguka ndani ya alumini na kuzaa uga wake yenyewe, unaopinga mwendo ulioisababisha.

Katika ditekta sumaku haibembei. Koili iliyo kwenye ncha ya fimbo hupitishiwa mkondo geu, nayo hutoa uga unaopanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Sarafu iliyofukiwa chini yake huamshiwa mikondo ya kuzunguka, na uga wa mikondo hiyo hurudi hadi kwenye koili. Katika mashine sahili zaidi, ambazo mafundi wa redio hujitengenezea, kuna visukasuki viwili vya umeme. Tuseme kimoja kina hezi 100,000, na kile kilichounganishwa na koili kina hezi 100,400. Sikio husikia tofauti yao, yaani mlio wa hezi 400. Shaba ikikaribia, uwezo wa koili wa kujiamshia umeme hupungua na marudio huongezeka. Mlio ukifika hezi 600, mtafutaji anajua kuna kitu. Msumari wa chuma kwa kawaida huleta kinyume chake, kwa kuwa chuma huvuta uga na kuukusanya, marudio yakashuka. Kwa njia hiyo sikio lililozoea huanza kubagua. Lakini lisijiamini mno: kizibo cha soda ni bati la chuma, na kwa ubapa wake humdanganya hata mzoefu. Fuko za ziwa hili zina vizibo vingi kuliko sarafu.

Hapa yafaa kutaja hesabu moja ambayo ingewaokoa wengi na hasara. Nguvu ya uga wa koili hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, na uga unaorudi kutoka kwenye kitu kidogo hupungua vivyo hivyo njiani. Umbali unapozidi upana wa koili, basi, ukiuongeza maradufu ishara hubaki sehemu 1 tu katika 64. Ndiyo maana sarafu moja husikika kwenye kina cha sentimita 15 au 20, na haisikiki kwenye mita moja. Anayeuza kifaa cha mkononi eti kinachoona punje ya dhahabu mita kumi chini ya ardhi anauza maneno. Uvumi wa hazina za Wajerumani umewafukarisha watu kwa njia hii hii. Kweli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilitengenezwa Tabora mwaka 1916. Kutokana na ukweli huo mdogo pameota hadithi za masanduku chini ya kila jengo la mawe, na vijana wamechimba mashimo yasiyo na nguzo.

Udongo nao una sauti yake. Miamba ya kale ya Geita ina matabaka yenye madini ya chuma, hasa magnetaiti, na mchanga mweusi unaoachwa na mawimbi ufukoni mara nyingi una chembe zake. Mashine isiyosawazishwa hulia mfululizo mahali hapo. Dawa ni kuishusha na kuipandisha koili juu ya ardhi isiyo na kitu huku kitufe cha usawazisho kikirekebishwa, hadi sauti isibadilike.

Mahali pa kuanzia ni uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Mwanafunzi azike mwenyewe sarafu za aina mbalimbali katika vina vinavyojulikana, aandike mlio wa kila moja. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kabla ya 1947 ina robo ya fedha. Zile za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Je, masikio yanaweza kuzitenga? Ufukoni atafute mchanga mkavu, kwa kuwa maji ya kina kifupi yana konokono wa kichocho. Akumbuke pia kwamba ufuko wa leo si ule wa babu yake: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likavuka kilele cha 1964.

Jambo la pili ni zito zaidi. Upande wa magharibi wa ziwa, Katuruka na Ghuba ya Kemondo karibu na Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale walifukua tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000 hivi. Kinachobaki katika tanuri hizo ni mashimo yenye mavi ya chuma, mirija ya udongo iliyoungua na makaa. Makaa hutoa tarehe kwa kupima kaboni. Mahali yalipolala panaonyesha ni ya tanuri ipi. Sasa mavi ya chuma hulia katika ditekta. Mtafutaji huchimba, huona jiwe zito jeusi lisilo na thamani sokoni, hulitupa kando. Kwa dakika tano amevuruga ukurasa ambao hauna nakala nyingine.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimbua kunahitaji kibali. Dhahabu nayo, kwa Sheria ya Madini ya 2010, ni mali ya Jamhuri. Anayeitafuta bila leseni hana uraibu, ana kosa. Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane na makaburi yote ni marufuku.

Ditekta ikilia na jembe dogo likatoa mavi ya chuma, kigae cha chungu au makaa, mwanafunzi asimame hapo. Apige picha kitu kikiwa mahali pake, aandike kina kwa sentimita, rangi ya udongo, umbali kutoka alama mbili zisizohama, na tarehe. Kisha arudishe udongo na kumpelekea mwalimu daftari, ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale.