Kinywaji cha Nyumbani Kabla ya Safari: Somo kwa Wakazi wa Rubavu na Majirani Zao

Msafiri anayetoka Gisenyi kwenda kupanda ndege Kanombe aghalabu hupenda kuonja kinywaji cha kwao kabla ya kuondoka. Hatuoni ubaya katika hamu hiyo. Mji huu una historia yake ya bia: kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa hapa mwaka 1957, Primus ikaanza kupikwa mwaka 1959, na tangu miaka ya 1960 gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu, pale Rubona, ilitumika kuendeshea mitambo yake. Ni miji michache iliyopikiwa bia na ziwa lake.

Kongwe kuliko hiyo ni urwagwa, ambayo majirani zetu wa Kivu huiita kasiksi. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa majani makavu, maji yake huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa siku kadhaa hadi yachache. Nguvu yake haina kipimo kimoja: kata mbili kutoka nyumba mbili zaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo anayeonja kwa mwenyeji mpya na aonje polepole.

Kanyanga ni jambo jingine kabisa. Hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, na mchemsho huo wa kienyeji haumtenganishii mnywaji kileo cha kawaida na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Wakati wa Krismasi ya mwaka 2021 watu kadhaa nchini Rwanda walipoteza maisha kwa kinywaji kilichokuwa na methanoli. Sheria ya Rwanda huihesabu kanyanga miongoni mwa dawa za kulevya. Basi mtu akikuomba umvushie mpakani chupa isiyo na lebo, hata kama ni jirani mnayeheshimiana, ujue kwamba utakayeulizwa kwanza ni wewe uliyeibeba. Kukataa ombi la namna hiyo si utovu wa adabu.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye kileo cha asilimia 5, ina mililita 36 za kileo halisi, yaani takriban gramu 28. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa hiyo moja, basi, huhitaji saa tatu au nne kuisha mwilini, na mbili huhitaji kutwa nzima ya kazi. Kahawa humkesha mnywaji, lakini haiharakishi ini. Maji baridi nayo humwosha uso tu. (Wako wanaoapa kwa supu ya mbuzi. Ni tamu, basi.) Anayemaliza chupa mbili saa nne usiku na kushika usukani saa kumi alfajiri huenda bado ana kileo katika damu, na barabara ya kwenda Kigali kupitia Musanze, yenye kona na ukungu, ni kilomita 150 hivi. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019, inawahusu pia madereva wa alfajiri, si wa usiku peke yao.

Uwanjani, shirika la ndege laweza kumkatalia kupanda abiria anayeonekana amelewa, na nauli yake isirudi. Vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwa kawaida havipiti katika mkoba wa mkononi, isipokuwa vilivyonunuliwa baada ya ukaguzi. Katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, bia ya dukani iliyofungwa vizuri hupita bila taabu. Urwagwa wa nyumbani usiutie humo: huendelea kuchacha ndani ya chupa, gesi hujaa, na kizibo kikifyatuka, nguo zote za msafiri hunuka ndizi hadi mwisho wa safari.