Jaribio Moja Hujibu Swali Moja: Somo la Sayansi Kutokana na Kazi ya Bruce Ames

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kitu fulani ni sumu na kingine ni salama, wala hawaulizi jambo hilo limejulikanaje. Katika makala haya tunapendekeza somo la vipindi viwili, kwa kidato cha tatu au cha nne, litakalowazoesha kuuliza. Tumechagua kazi ya Bruce Ames, mwanasayansi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2024.

Maelezo kwa mwalimu

Zamani njia kuu ya kupima kama kemikali huleta kansa ilikuwa kuwapa panya kemikali hiyo kwa miaka miwili hivi, kisha kuwapasua na kuchunguza viungo vyao. Kazi hiyo ilihitaji panya wengi, fedha nyingi na subira, hali kemikali zilizotumiwa na watu zilikuwa maelfu.

Ames alitumia bakteria wa Salmonella wenye kasoro: hawawezi kujitengenezea histidini, ambayo hawaishi bila hiyo. Wakiwekwa katika sahani yenye chakula kisicho na histidini ya kutosha, hawaongezeki. Lakini kemikali ikibadili jeni zao, baadhi yao hurudiwa na uwezo huo, nao huzaana hata wakawa vidoa vinavyohesabika kwa macho. Jibu hupatikana kwa siku mbili. Kwa kuwa kemikali nyingine huwa hatari baada ya kugeuzwa na ini, mwaka 1973 Ames na wenzake walieleza namna ya kutia dondoo ya ini la panya katika sahani. Kwa hiyo mnyama hakuondolewa kabisa, ila ini moja huweza kutumika katika sahani nyingi.

Mwaka 1975 walipima dawa 169 za kutia nywele rangi. 150 zilibadili jeni za bakteria. Mwaka 1977 Ames na Arlene Blum walionya juu ya Tris, dawa iliyotiwa katika nguo za kulalia za watoto ili zisishike moto. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku nguo hizo.

Hata hivyo, baadaye Ames mwenyewe aliwaonya watu wasiogope kila kemikali ya kiwandani. Alieleza kwamba mimea nayo hujitengenezea sumu za kujikinga, na kwamba kiasi kinacholiwa ni jambo kubwa.

Kipindi cha kwanza

Bakteria hawa huweza kuleta maradhi. Kwa hiyo wasioteshwe darasani. Mwalimu aandike ubaoni hesabu hizi, ambazo tumezitunga kwa zoezi tu:

Sahani A: bakteria peke yao – vidoa 20.
Sahani B: bakteria na kemikali – vidoa 22.
Sahani C: bakteria, kemikali na dondoo ya ini – vidoa 400.

Kwanza aulize: mbona A ina vidoa? Wanafunzi waongozwe kuona kwamba jeni hubadilika zenyewe mara chache. Kisha aulize: je, kemikali hii hubadili jeni? Wengi watajibu ndiyo. Mwalimu asikubali wala asikatae, bali aulize ni sahani gani inayokosekana. Wakishatambua kwamba hakuna yenye bakteria na dondoo ya ini bila kemikali, aongeze Sahani D, vidoa 24. Sasa ndipo jibu linapopata msingi.

Kipindi cha pili

Wanafunzi wajadili: je, Sahani C inathibitisha kwamba kemikali hii huwapa watu kansa? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Tena ziko kemikali ziletazo kansa bila kubadili jeni, nazo jaribio hili haliwezi kuzifichua. Mwishowe kila mmoja aandike aya moja: je, ilifaa nguo za watoto zipigwe marufuku kabla ya kungoja miaka mingine ya utafiti?

Mwalimu asisahihishe msimamo wa mwanafunzi, bali sababu zake. Mwanafunzi akiweza kutenganisha lililopimwa na linalokisiwa, somo limefaulu. Kesho atasoma maandishi ya chupa ya dawa ya kuulia wadudu shambani kwao, na hapo hatakuwa na mwalimu wa kumwuliza.