Kuku Anaposhindwa Kutaga

Katika ziara za kutembelea vikundi vya ufugaji wa kuku wa kienyeji, swali hili hujirudia karibu kila kijiji: "Kuku wangu amejikunyata pembeni, hali, anakwenda kwenye kiota mara kwa mara na kurudi bila yai. Nimpe dawa gani?" Jibu la kwanza huwa si jina la dawa. Kabla ya kwenda duka la pembejeo, na kabla ya kushika kisu, mshike kuku huyo umchunguze. Katika kaya nyingi kuku ndio akiba ya mama, na mtetea mmoja akichinjwa bila sababu ni daftari na sare za shule zilizoliwa kwa siku moja. Kwa upande mwingine, kuku mwenye ugonjwa wa kuambukiza akikimbizwa gulioni, mabanda ya watu wengine yanaweza kwisha.

Anza kwa kuwaangalia kuku waliobaki. Kama wapo wawili watatu waliozubaa, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani au wanapinda shingo, acha habari ya yai. Huo unaweza kuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo hauna tiba, na hata kuku anayetaga hupunguza mayai au kutaga mayai yenye ganda bovu. Watenge wagonjwa, usiuze kuku yeyote, mwite afisa mifugo. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 hutolewa tone moja jichoni kwa kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Kama mgonjwa ni mmoja tu, jiulize kama si kuku anayetaka kutamia. Huyu hulala kwenye kiota, hujaza manyoya, hutoa sauti ya kukokoreka na hudonoa mkono wako. Haumwi. Tunasikitika kusema kwamba wapo kuku wa namna hii walionyweshwa antibiotiki wiki nzima.

Kuku aliyekwamwa na yai ni tofauti. Husimama wima huku mkia umeshuka, hukenya kama anayetaka kujisaidia, mkia ukipandishwa na kushushwa. Mwingine huchechemea au hushindwa kusimama, kwa sababu yai linabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mshike taratibu, pitisha vidole chini ya tundu la kutagia, kati ya miguu. Mara nyingi utagusa kitu kigumu, cha mviringo. Usibonyeze! Yai likivunjika ndani, ganda huweza kuchana njia ya mayai na uchafu kuingia tumboni, na kuku aliyekuwa na nafuu ya kupona akafa.

Cha kufanya ni rahisi ila kinataka subira. Chukua beseni la maji ya uvuguvugu, ya joto la kumwogeshea mtoto mchanga. Pima kwa kiwiko. Mkalishe kuku humo, maji yafunike tumbo na tundu la kutagia, kwa dakika 15 hadi 20. Ukiona maji yanapoa ongeza ya moto kidogo kidogo, ukiyamimina mbali na mwili wake. Joto hulegeza misuli. Kisha mkaushe vizuri kwa kitambaa, pakaza mafuta ya kula au mafuta ya mgando kwenye tundu, umweke kwenye boksi lenye majani makavu, mahali penye giza, joto na utulivu, akiwa na maji ya kunywa. Asipotaga baada ya saa moja au mbili, rudia. Ikipita siku nzima bila yai, tafuta mtaalamu wa mifugo, kwani kuku huyu anaweza kufa ndani ya siku mbili. Kumtoa yai kwa kidole si kazi ya kujaribia nyumbani.

Sasa kwa nini yai lilikwama? Wakati mwingine ni mtetea mchanga anayeanza kutaga, au yai ni kubwa kupita kawaida. Mara nyingine ni upungufu wa chokaa mwilini. Yai moja hutengenezwa kwa muda wa saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda, ambalo sehemu yake kubwa ni chokaa. Chokaa hiyohiyo ndiyo inayowezesha misuli kulisukuma yai nje. Kuku anayelishwa pumba na mahindi matupu huichota kwenye mifupa yake, na dalili yake ni mayai yenye ganda laini. Kusanya maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe, yasage mpaka yasionekane kama yai (vinginevyo utawafundisha kula mayai), uyaweke kwenye chombo peke yake ili kila kuku ale anavyohitaji. Chokaa ya mifugo ya dukani hufaa pia. Vifaranga wasipewe, chokaa nyingi huharibu figo zao. Kuku wanaofungiwa siku zote bandani wapate jua, maana bila vitamini D chokaa hiyo haifyonzwi.

Kama nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu, mtenge mara moja kabla wenzake hawajaidonoa, isafishe kwa maji safi ya vuguvugu, umwite mtaalamu. Na kama tumbo limejaa na ni laini kama mfuko wa maji, beseni halitasaidia. Mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea ndani.

Wengi huuliza kama kuku huyu analiwa. Akifa mwenyewe, hapana. Mfukie shimo refu au mchome. Ukiamua kumchinja akiwa hai na hujampa dawa, mpasue uangalie. Ukikuta maji ya njano au vipande vya kiini vyenye harufu tumboni, mfukie. Kama alipewa antibiotiki, nyama na mayai visiliwe wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa.